Ada ya Maksai Mmoja

Kwetu Sindeni mtoto ni wa mjomba. Sisi Wazigua tumelelewa hivyo: mwanamke akizaa, kaka yake ndiye anayeulizwa mambo makubwa ya yule mtoto. Dada yangu mdogo aliolewa na Mshambaa wa Mpale aliyeshuka kwetu kutafuta shamba, na kwa Washambaa mtoto ni wa baba, basi, hakuna mjadala. Kwa hiyo tangu binti yao azaliwe, mimi na shemeji yangu tumekuwa tukimgombania, nusu utani, nusu kweli. Alipofaulu darasa la saba nilisema hicho ni kichwa cha Sindeni. Shemeji akasema kichwa cha Sindeni anakijua, amekaa nacho miaka mingi ndani ya nyumba, hicho ni cha Mpale. Alipomvunja mguu mbuzi wa jirani kwa jiwe, kila mmoja wetu alimwambia mwenye mbuzi aende kwa mwenzake.

Binti akamaliza kidato cha nne. Matokeo yake hayakumpeleka kidato cha tano, lakini pia si ya kuficha. Akasema anataka chuo cha ufundi, fani ya kuchomelea na kuunda vyuma. Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Labda ni mimi bila kujua, maana tangu mdogo akija kwangu Korogwe wakati wa likizo alikuwa anakaa karakanani kuliko jikoni.

Ada yenyewe si ya kumtisha mtu mwenye mshahara. Lakini juu ya ada kuna hosteli, chakula, ovaroli, viatu vigumu, miwani, vifaa vya kujinunulia, nauli. Ukijumlisha vyote unafika kwenye bei ya ng'ombe, na si ndama. Dada na mumewe walikuwa na maksai wawili. Hao ndio wanaolima shamba lao la mahindi na ufuta, na wakimaliza lao wanalima ya watu kwa malipo. Kitu kingine cha kuuza hawakuwa nacho. Kumpeleka mtoto chuo ilikuwa ni kurudi kwenye jembe la mkono, na dada yangu mgongo wake si ule wa zamani.

Shemeji akapanda basi mpaka kwangu Kilole, pale Korogwe. Alinikuta nakata engo, vile vyuma vya pembe, akasubiri kelele iishe.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nyumbani wazima?"

"Wazima. Shemeji, nimefikiri sana. Ninyi Wazigua mna desturi nzuri."

"Ipi?"

"Hii ya mtoto kuwa wa mjomba. Zamani sikuielewa. Nimekaa nanyi, sasa naiona ina busara."

"Imeanza kuwa na busara lini?"

"Kidogo kidogo."

"Imeanza juzi, ulipoambiwa gharama za chuo," nikamwambia. "Lakini mimi ni mtu wa haki. Mtoto ana jina la mama yako na pua ya baba yako. Siwezi kukunyang'anya mtoto wa Mpale mchana kweupe."

Tulicheka, akanywa chai, tukarudi kwenye jambo. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa anaogopa kulitamka neno. Anayesema "aende" ndiye aliyeuza maksai. Anayesema "asiende" ndiye aliyemzuia mtoto. Shemeji alitaka neno hilo litoke kinywani mwangu, na kwa desturi yetu alikuwa na haki.

Nieleze mimi ni nani, ili mtu ajue ni nani aliyekuwa anaombwa uamuzi. Nimesoma mpaka darasa la nne. Nina karakana kando ya barabara, ninatengeneza mageti, madirisha, mikokoteni, majiko, matangi, na chochote atakachoniletea mtu akiwa na picha kwenye simu. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa mkono huu, na watoto wangu wamesoma kwa mkono huu. Sijawahi kuajiriwa tangu nilipoondoka kwenye karakana ya shamba la mkonge nikiwa kijana. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Ile karakana ya mkonge ndiyo ilikuwa chuo changu, na nilikilipia. Fundi wa pale alikuwa mzee mmoja hodari, mkali, hana maneno. Nilifagia, nilibeba, nilipiga msasa, nilishika chuma wakati yeye anachoma. Lakini kazi ikifika mahali penyewe, pale ambapo ndipo ufundi ulipo, aliweka kifaa chini, akajifuta jasho, akasema: "Kijana, hebu nikimbilie chai." Nikirudi na chai, kazi imekwisha. Shafti imenyooka, meno ya gia yamejazwa, mimi nimeshika birika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mzee hakuwa na kiu. Mafundi wote wa enzi zile walikuwa hivyo. Ujuzi ulikuwa ndio shamba lake, na hakuna mtu anayempa mpita njia shamba.

Nilijifunza kwa kukimbia. Nilitafuta mama wa chai wa karibu zaidi, nikampa pesa asubuhi mapema ili nikifika nichukue tu na kurudi. Siku nyingine niliwahi kuona mwisho wa jambo, nikabaki nabahatisha mwanzo wake. Niliharibu vyuma vyangu mwenyewe usiku na mchana nikitafuta ule mwanzo. Macho nilianza kuyaunguza kabla sijajua kwamba moto wa kuchomelea hautazamwi. Ukiuangalia mchana, usiku unahisi mchanga umejaa kwenye macho, unalala umeweka vipande vya viazi vibichi juu ya kope. Kila jioni tulikunywa maziwa ili yasafishe kifua kwa moshi. Mpaka leo nakunywa. Kama yanasafisha au hayasafishi sijui, ila kifua changu kinapiga filimbi nikipanda mlima.

Kwa hiyo mtu akiniambia ufundi wa karakanani ni bure, namwona hajui hesabu. Lakini pia nilikuwa na maneno yangu juu ya vyuo. Nimewaona vijana wanatoka na cheti, ukiwapa kazi ya bawaba wanauliza mchoro uko wapi. Mteja wa Kilole haji na mchoro. Anakuja na kamba aliyopimia mlango wake, ameifunga fundo, na njiani fundo limeteleza.

Tulikaa kikao nyumbani kwa dada Sindeni: mimi, yeye, shemeji, na binti mwenyewe aliyekaa kando anapembua choroko. Nilitoa wazo langu. Nikasema mtoto aje kwangu. Atakula kwangu, atalala kwangu, atajifunza kwangu, maksai watabaki zizini.

Dada yangu hakuinua kichwa. "Kaka, yule kijana wako wa kwanza, uliyemchukua kabla hujapata mvi, siku hizi anafanya nini?"

"Anapaka rangi."

"Ameota ndevu, anapaka rangi."

"Anapaka vizuri."

"Sijasema anapaka vibaya. Nasema ameota ndevu."

Shemeji akatazama miguu yake. Mimi nikasema huyu ni damu yangu, si sawa na yule. Dada akasema haya, tuone. Mvua za vuli zilikuwa bado, na chuo kilikuwa bado kufunguliwa. Binti aende kwangu mpaka hapo. Nikiona anafundishika pale, maksai wanabaki. Nikiona hapana, niseme mwenyewe wauzwe.

"Na neno lako ndilo," dada akasema. "Wewe si ndiye mjomba."

Binti akaja Kilole na begi moja. Asubuhi ya kwanza alikuwa karakanani kabla yangu, amefunga kichwa, amevaa suruali ya kiume chini ya gauni. Wateja walimtazama. Mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya jiko alimuuliza kama amemletea mzee chakula. Akasema hapana, amekuja kupiga msasa. Akapiga msasa.

Wakati huo nilikuwa na kijana mwingine kazini, huyu wa chuo kweli, ana cheti. Sikumtafuta, alikuja mwenyewe akiomba nafasi. Nilitaka kujua kutoka kwake faida iko wapi, maana mwenye duka kama mimi hasifii bidhaa ya jirani, na huyu hakuwa na sababu ya kunidanganya. Nikamuuliza tukiwa tunakunja mabati.

"Chuo kilikupa nini?"

"Kilinipa kazi ya mradi, mzee." Alimaanisha ule ujenzi mkubwa wa bomba la mafuta uliopita upande wa Handeni. "Walinipa vipande viwili vya bomba niviunge, wakavikata katikati kuangalia ndani. Nikapita."

"Hata mimi ningepita."

"Ungepita. Ila mlinzi wa getini asingekuruhusu kuingia. Alikuwa anaanza na cheti, ndipo mkono."

Hilo nililijua. Niliwahi kufika pale mwenyewe, mlinzi mdogo kuliko mwanangu wa mwisho akaniuliza cheti, nikageuza pikipiki. Sikukasirika sana. Yeye alikuwa ameambiwa aulize.

"Ukalipwa?"

"Vizuri kuliko nitakavyolipwa tena. Nikajenga msingi wa nyumba, nikanunua pikipiki. Kisha kazi ikaisha, wote tukarudishwa majumbani. Msingi umeota majani. Sasa niko hapa nakunja bati na wewe."

"Na yule anayepaka rangi unamzidi nini mshahara?"

Akacheka. "Kidogo sana, mzee, na unajua, maana unalipa wewe."

Hiyo ndiyo hesabu aliyonipa, nami nikaibeba kichwani siku zote zilizofuata. Cheti kilimwingiza mahali ambapo mimi sikuingia, mara moja, kwa muda. Kisha akarudi chini ya bati langu. Nikikitazama upande huu naona faida, nikikigeuza naona msingi ulioota majani.

Binti alikuwa anaenda mbio. Ana mkono uliotulia, jambo ambalo halifundishwi. Wapo wanaoshika kile kijiti cha kuchomelea kama wameshika nyoka, yeye alikishika kama kalamu. Nilimpa vipande vya chakavu aunge, akaunga, mstari ukatoka mbaya, wa pili ukatoka mbaya kidogo. Nikaanza kuona maksai wakibaki zizini.

Ndipo ikaja oda ya geti kubwa. Geti la namna hiyo lina shida moja. Chuma ukikichoma kinavuta, na ukilichoma fremu refu bila akili litapinda, likisimama mlangoni pembe moja inakuangalia na nyingine inaangalia jirani. Nina njia yangu ya kulizuia. Sikufundishwa na mtu, niliipata baada ya kuharibu mageti ya watu na kuyalipa. Tulipofika hapo nilijifuta jasho, nikasema: "Mwanangu, hebu nikimbilie chai."

Akaenda. Aliporudi, fremu lilikuwa chini, limenyooka. Akaniwekea chai, akalizunguka fremu.

Mimi sikupanga. Maneno yalitoka tu kama yalivyomtoka yule mzee wa mkonge, na sioni ajabu ndani yake. Ndivyo kazi ilivyokuja kwangu, ndivyo inavyonitoka.

Upande wa pili wa geti ulipofika mahali palepale, siku iliyofuata, nikamtuma tena. Akasema, "Mjomba, leo nimekuja nayo," akatoa chupa ya chai kwenye begi lake, imejaa, na vikombe juu.

Nikanywa. Nikasema chai kavu haishuki, akatafute maandazi.

"Yapo," akasema, akafungua kimfuko cha karatasi.

Yule wa kupaka rangi alikuwa nyuma yetu. Nilimsikia akisema taratibu, "Mimi mbona sikuwahi kufikiria chupa," na yule wa cheti akakohoa ili asicheke.

Sikuwa na mahali pa kumtuma tena. Basi nikalifanya mbele yake. Nikaweka mawe mawili chini ya fremu, nikaliminya katikati lipinde kidogo kinyume, nikashikiza pembe hii, nikarukia pembe ile ya mbali, nikaacha lipoe, nikarudi. Alikuwa amechuchumaa karibu na mkono wangu.

"Kwa nini unalipinda, mjomba, na unataka linyooke?"

"Ndivyo linavyotaka."

"Linapindwa kiasi gani?"

"Hivi." Nikamwonyesha.

"Na bomba likiwa nene zaidi ya hili?"

"Hapo unaangalia."

"Naangalia nini?"

Najua ninachoangalia, mkono unajua, jicho linajua, lakini halijawahi kupita mdomoni. Nilitafuta neno, halikuwepo. Yule kijana wa cheti ndiye akamweleza: kwamba chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinarudi kifupi kuliko kilivyokuwa, na kule kinakorudi ndiko kinakolivuta fremu, kwa hiyo unalitanguliza upande wa pili likavutwe mpaka katikati. Alimaliza kabla sijamaliza kikombe. Kitu kilichonichukua ujana wangu mzima kukipata, yeye alikisema huku anatafuna andazi.

Sikuona haya, nisiandikwe hivyo. Kijana yuleyule, nikimwambia alitengeneze geti peke yake, litapinda. Anajua kwa nini linapinda na litapinda. Amekaa kwangu ili mkono wake ufike pale maneno yake yalipo. Mimi mkono umefika, maneno hayakuja. Mtu angetaka vyote viwili, na hapo Kilole mimi nina kimoja.

Jioni ile nilipokuwa nakunywa maziwa yangu nililipata jambo. Ada ya chuo si ya mashine. Mashine ninazo, na nyingine ni nzuri kuliko za huko. Ada ni ya kumlipa mtu asikutume chai. Analipwa mshahara wake ili kazi ikifika mahali penyewe asimame, akuonyeshe, na alitafute neno la kukuambia. Mimi hakuna anayenilipa kwa hilo. Ninalipwa geti likinyooka. Huyu mtoto angekaa kwangu, angejifunza, sikatai, lakini angejifunza kwa kasi ya chai.

Nikaenda Sindeni, nikasema neno langu. Nikasema aende.

Shemeji akasema, "Basi tumeuza maksai."

"Tumeuza mmoja," nikasema.

"Mmoja atatosha mwaka wa kwanza," shemeji akasema, "lakini mmoja halimi. Anayebaki tutamfanya nini, tumsalimie asubuhi?"

"Nitatengeneza plau ya ng'ombe mmoja."

"Umewahi kutengeneza?"

"Hapana."

"Umewahi kuiona?"

"Sijaiona. Ila natafuta kwa nini isiwezekane, na sioni kitu."

Kwa mara ya kwanza dada yangu alicheka. Akasema ndiyo maana watoto wa ukoo wetu wana vichwa vigumu. Shemeji akasema hilo hakatai, hilo wachukue Wazigua.

Maksai wa kulia akapelekwa mnadani Handeni. Mmasai aliyemnunua alimzunguka mara nyingi, akampapasa mbavu, akauliza kwa nini tunamuuza ng'ombe aliye mzima hivi. Shemeji akamwambia anaenda shule. Mmasai akaona anatukanwa kidogo, akapunguza bei, ikabidi tuanze upya.

Plau niliiunda kabla binti hajaondoka. Nilichukua plau ya kawaida nikaipunguza uzito, jembe lake likawa jembamba zaidi. Nira nikaifanya fupi, ya shingo moja. Kutoka kila ncha ya nira nikashusha mnyororo ubavuni mwa ng'ombe mpaka nyuma ya miguu, na pale nyuma minyororo ikakutana kwenye fito ya chuma, plau ikafungwa katikati ya fito. Naeleza kana kwamba nilijua. Sikujua. Ya kwanza minyororo ilikuwa mifupi, ingemchubua miguu. Ya pili fito ilikuwa ndefu kuliko nyuma ya ng'ombe mwenyewe. Yule wa cheti alichora sakafuni kwa chaki, binti akafuta akachora tena, yule wa rangi akajifanya ng'ombe, tukamfunga nira akazunguka nayo uani, wapita njia wakasimama. Siku hizo sikumtuma mtu chai. Hapakuwa na cha kuficha, wote tulikuwa hatujui.

Akaenda chuo na ovaroli mpya na viatu vinavyomzidi miguu.

Likizo ya kwanza alishukia kwangu Kilole, amekonda kidogo. Nikamwuliza wamefundishwa nini. Akatoa begini kipande cha chuma, cha ukubwa wa kiberiti kikubwa cha jikoni, akanipa. Pande zote zimelala sawasawa, pembe zote zimekaa.

"Nini hiki?"

"Nimekipiga tupa. Kilikuwa kigogo tu kimekatwa ovyo, unapiga tupa mpaka kinyooke pande zote. Ukikosea unaanza upya na kinazidi kuwa kidogo."

"Muhula mzima?"

"Karibu wote. Kuchomelea tumeanza mwishoni. Mashine chache, watu wengi, unasubiri zamu yako. Siku nyingine vijiti vimekwisha, mnaangalia mwalimu anavyochoma, mnarudi bwenini."

"Anawatuma chai?"

"Hatutumi, mjomba. Anarudia mpaka tunamchoka."

Nikachukua skwea yangu ya chuma, ile ya kupimia pembe, nikaiweka kwenye kile kipande, nikakiinua juu kuelekea jua. Mwanga haukupita. Nikageuza upande mwingine, haukupita. Nikamtazama yule wa rangi, naye alikuwa ananiangalia mimi. Nikamrudishia binti kipande chake.

Kesho yake tukaenda wote Sindeni, maana mvua ilikuwa imelowesha ardhi na plau ilikuwa ijaribiwe shambani. Dada alikuwa amekuja na mkokoteni wa kusukuma, una mbegu na maji ya kunywa. Hakupoteza muda.

"Kaka, maksai wangu wa kulia amekuwa kitu gani?"

Binti akatoa kile chuma, akampa mama yake. Dada akakipima mkononi, akakigeuza, akapitisha kidole pembeni.

"Kizito," akasema. "Ni cha kufanyia nini?"

"Si cha kufanyia kitu, mama. Ni cha kujifunzia."

"Ng'ombe mzima." Akakitazama tena. Kisha akainama, akakisukumiza chini ya gurudumu la mkokoteni uliokuwa unataka kuteremka na mteremko. Mkokoteni ukatulia. "Haya. Angalau kimeshika kitu."

Tukamfunga maksai aliyebaki. Binti akashika kamba mbele, shemeji akashika plau, mimi nikatembea pembeni nikiangalia minyororo. Ng'ombe akavuta. Ardhi ya juu, ile yenye mchanga, ikafunguka vizuri, kina cha kutosha. Pale penye udongo mzito hakuweza, plau ilikwama, na mpaka leo hawezi. Kipande kile dada anakilimisha kwa kulipa plau ya mtu. Sitaki kusema nilifaulu zaidi ya nilivyofaulu.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, si mimi, si wa cheti, si aliyechora kwa chaki. Ng'ombe yule tangu afundishwe kazi alikuwa wa kushoto. Hajawahi kutembea katikati. Binti alimvuta kwenye mstari, akaenda hatua chache, akasogea kushoto, akabaki huko. Akarudishwa, akasogea. Alikuwa anaacha nafasi ya ng'ombe mzima kulia kwake, na mtaro nyuma yetu ukawa unakwenda upande kama mtu aliyekunywa.

Tukasimama. Shemeji akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Anamngoja mwenzake," akasema.

"Mwambieni mwenzake yuko chuo," dada akajibu akiwa kwenye mbegu zake, "anapiga tupa."

Binti akacheka mpaka akaiachia kamba. Kisha akaishika tena, akahamia upande wa kulia wa ng'ombe, pale penye nafasi, akatembea naye bega kwa bega. Ng'ombe akanyooka. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa shamba, wakageuka, wakarudi.

Likizo ilipokwisha aliondoka, na siku hizi anayetembea upande ule ni dada mwenyewe. Kile chuma bado kiko chini ya gurudumu. Ada ya mwaka wa pili hatujaijadili. Shemeji ameshaanza kuzisifia tena desturi za Wazigua.